Jogoo wa Kumlipa Mtani

Kiranjeranje,
Kilwa.
20 Agosti 2024.

Mpendwa mume wangu Nurdin,

Marahaba. Hujaniamkia, najua, lakini naitikia mapema, maana nikiisubiri shikamoo yako nitazikwa haijafika.

Hujambo? Kifua hakijambo? Ule ubaridi mnaojifungia nao ofisini huko Dar es Salaam, kama samaki wanaongoja mnada, haujakuingia mbavuni? Zakia mkeo, mke mwenzangu, yu mzima? Na mwanao, wajina wangu, ameshaota meno au bado tunafanana? Nijibu hayo yote, ndiyo yaliyo ya heri. Yanayofuata si ya heri.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kushoto na wewe. Goti nalipaka mafuta ya nyonyo linatulia. Wewe sijui nikupake nini.

Anayeandika ni shangazi yako Sauda. Mimi na kalamu tulipishana utotoni, hatukukutana tena. Nimemwapisha asipunguze neno wala asilitie sukari. Alitaka kuandika kwamba nimesikitishwa nawe. Nikamwambia futa, sikusikitishwa, nimekudharau. Ameandika. Na ukiuliza kwa nini barua wakati simu ipo, ni kwa sababu simu yangu huiachi ifike mwisho. Nikikaribia maneno yenyewe unasema, "Bibi, nipo kikaoni." Haya, isome hukohuko kikaoni. Barua haina mahali pa kubonyeza.

Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu. Tunapulizia salfa alfajiri majani yakiwa bado na umande, na mpaka jua linapanda nyuso zetu zote za manjano, utadhani tumepakwa kwa harusi. Nakwambia haya ili usije ukasema bibi ameandika matusi matupu. Habari za shamba ndizo hizo. Sasa tuanze.

Hivi wewe ulipokuwa mtoto nani alikuiba?

Umesahau, na ndiyo maana nakuuliza. Ulikuwa unaanza kutembea, tumbo mbele, pua inachuruzika. Akaja hapa uani Mikaeli, yule Mmatumbi wa Kipatimu ambaye babu yake na babu yetu waliwekeana utani zamani, ukoo kwa ukoo. Akakutia begani. Akasema, "Huyu ni mtumwa wangu, nampeleka akachunge mbuzi." Akapanda nawe vilima vyao huko. Mama yako hakulia, alikufungia nepi. Babu yako akatafuta jogoo mkubwa, akafunga safari, akakukomboa. Ulirudi umenenepa na unalia kwa sababu hukutaka kuondoka. Hivyo ndivyo utani ulivyo. Mtani anakuchukulia kitu chako, anakusema mpaka jasho likutoke, nawe unamrudishia zaidi. Anayekasirika ndiye mwenye kosa, naye analipa kuku.

Dominick ni mtoto wa huyo Mikaeli. Ndiye mwalimu wa ufundi wa magari wa mdogo wako wa kike, Mboni, pale chuo cha wananchi Mnazimrefu. Na wewe, mjukuu wangu, mwenye shahada na tai shingoni, umekwenda kumshitaki mtani wako kwa sababu ya utani. Tangu nizaliwe nimesikia watu wakishitakiana kwa mpaka, kwa mke, kwa mbuzi aliyekula mihogo. Hili sijalisikia. Kiranjeranje nzima haijalisikia. Watu wanaligeuza mdomoni kama mfupa wasioujua ni wa mnyama gani.

Nakueleza ilivyokuwa, maana wewe hukuwepo. Kaka yangu Jafari alipofariki hukuja kuzika. Ulituma pole kwenye lile grupu la ukoo, na mshumaa wa simu unawaka. Sisi Waislamu, Nurdin. Mshumaa wa nini?

Siku ya kuanua tanga Dominick alikuja kufanya kazi yake ya mtani. Kwanza alijilaza mlangoni, hakuna sahani ya pilau iliyotoka bila kumruka. Halafu akavaa kofia ya marehemu akakohoa kile kikohozi chake, vilevile, mpaka mjane akainua uso. Ndipo akaliona ovaroli la Mboni limeanikwa kambani. Akalivaa. Likamkaba, kitambi kimetokeza kama mtoto anayechungulia dirishani. Akazunguka uani anavuta miguu, spana mkononi. "Jamani, mimi ndiye fundi Mboni. Natafuta mke. Awe anajua kupika, maana mimi mikono yangu ina grisi. Na huyu mzee Jafari mnisamehe, nilimfungua kifua nikamsafisha vizuri, nilipomfunga ikabaki boliti moja mkononi. Sikujua ilikuwa ya wapi."

Nurdin, mjane alicheka. Tangu maiti itoke yule mwanamke alikuwa hajameza hata uji. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba chai.

Na Mboni je? Mboni alicheka kabla ya wote. Nilimwona kwa macho yangu haya yenye mtoto wa jicho. Halafu akanyanyua ile ndoo ya maji tuliyooshea masufuria, yenye ukoko na majivu, akammwagia mwalimu wake kichwani. "Pole, mtani," akamwambia, "injini ikichemka hupozwa." Akamvua kiatu akakimbia nacho, na Dominick hakukipata mpaka alipocheza ngoma kwa mguu mmoja mbele ya kina mama. Hiyo ndiyo siku. Marehemu aliagwa vizuri.

Lakini Abdulatifu wa dukani alikuwa anapiga video. Alipoiona ndoo inanyanyuka alikimbia kuokoa simu yake. Kwa hiyo wewe ulipata Dominick ndani ya ovaroli, ndoo hukuipata. Ulikula nusu ya mchuzi ukaamua kwamba hauna chumvi.

Ungeuliza. Mtu mwenye akili angeuliza, "Jamani, hapo kuna nini?" Wewe hukuuliza. Ulimpigia Mboni ukamwambia amedhalilishwa mbele za watu, na kwamba hicho chuo cha waliofeli kinamgeuza dume, akiache arudi nyumbani. Kisha ukampigia mkuu wa chuo, ukamtajia cheo chako. Kisha ukampigia Dominick mwenyewe ukamtishia polisi! Unajua alikujibu nini, lakini nakukumbusha: "Waje na sufuria, mtani, tutawalisha." Ukakata simu. Hata hapo hukushituka. Mtu unamtishia pingu naye anakualika kula, wewe hujiulizi huyu ni nani kwangu.

Mkuu wa chuo ni mgeni. Ametoka mbali huko kwao, juzijuzi tu ameletwa, wali wa nazi bado unamsumbua tumbo. Amesikia sauti nzito kutoka Dar es Salaam inasema udhalilishaji, akaogopa. Amemsimamisha Dominick asifundishe. Darasa la magari sasa linafunguliwa asubuhi, wanafunzi wanakaa wanaitazama injini, injini inawatazama, saa sita wanaenda kula.

Nilikwenda mwenyewe. Basi mpaka njia panda, halafu nikapakiwa kwenye bodaboda kama gunia la mihogo. Na usidhani nakuja kukusifia kile chuo. Nimekiona. Mlango wa bweni la wasichana unafungwa kwa kamba ya mkonge. Maharage yao yana maji, harage likitaka kumtembelea mwenzake lipande mtumbwi. Langoni pana maandishi makubwa, nikamwuliza mlinzi yanasema nini. Akasema, "Ujuzi ni Ajira." Nikamwuliza yeye ana ujuzi gani. Akaniambia alisomea useremala hapohapo, na lile lango alilitengeneza yeye. Sasa ameajiriwa kulilinda. Nikamwambia hongera baba, hamjaachana.

Siku hiyo walikuwa na mgeni kutoka mjini, kijana wa viatu vilivyochongoka, amekuja kuwafundisha fursa. Kila neno fursa. Fursa ziko shambani, fursa ziko baharini, fursa ziko mikononi mwenu. Kama ziko kila mahali, yeye mbona amepewa gari kuja kuwaonyesha? Akawafundisha kupika sabuni ya maji. Chuo kizima, uashi, umeme, upishi, ushonaji, wote wanakoroga ndoo. Nikamwuliza, "Baba, wakishapika wote sabuni, atakayeinunua nani?" Akanichekea kwa huruma. "Bibi, hilo ndilo soko." Nikamwambia soko nalijua, nimeuza mihogo na dagaa kabla baba yake hajaenda jando. Akageukia upande mwingine.

Waliosomea umeme wamekaa chini ya taa iliyokufa wakisubiri mtu wa umeme. Mmoja wa darasa la Mboni, mvulana mrefu mwenye suruali iliyopasuka magotini kwa makusudi, anaogopa grisi kama paka anavyoogopa maji. Nilimwuliza akimaliza atafanya kazi gani. Akasema atakuwa "kwenye mambo ya magari." Mambo gani? Akasema, "Ya kuyauza." Yapi? Hana hata baiskeli.

Wasichana wa ushonaji ndio sikuwacheka. Wanakanyaga cherehani na watoto wachanga migongoni, mmoja akilia mashine zote zinasimama. Shuleni walifukuzwa kwa sababu ya matumbo, na waliowapa hayo matumbo wakaachwa waendelee na hesabu. Mnazimrefu wamewapa kiti na kitambaa. Kwa hilo nilikisamehe chuo maharage yake.

Na hilo neno lako la chuo cha waliofeli, nalirudisha kwako, lipeleke kule ulikolinunua. Ndiyo, Mboni alifeli kidato cha nne. Alipata sifuri mviringo kabisa, ungeweza kuivaa kidoleni. Sasa aliyefeli azikwe? Mimi sikufeli kitu kwa kuwa sikupelekwa, na wewe kila mfungo unaniandikia nikuombee dua upande cheo. Dua ya asiyesoma unaitaka, chuo cha asiyefaulu unakitemea mate.

Nilimwambia mkuu wa chuo, "Mwanangu, Dominick ni mtani wetu. Arudi darasani." Si mtu mbaya, alinipa kiti na soda. Akasema, "Bibi, mimi nimepokea malalamiko ya familia. Familia ikiyaondoa, nami nitamrudisha hata kesho." Nikamwuliza, "Mimi ni nani, mpita njia?" Akasema, "Aliyelalamika ni kaka mtu, bibi. Ayaondoe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake." Ndiyo maana unaniona hapa karatasini. Isingekuwa hilo ningekuacha uendelee na ujinga wako, una haki nao, umeusomea.

Sasa sikiliza kilichopo mezani, maana naona hujakiona. Lindi mjini kuna mwanamke anaitwa Rosemary, ana gereji. Malori ya samaki, mapampu ya korosho, injini za boti, vyote vinapita mikononi mwake. Kila mwaka anachukua mwanafunzi mmoja wa chuo kwenda fildi kwake, na akimpenda anambakiza kazini kabisa. Mmoja tu. Wakubwa wamempigia simu wakimwombea watoto wao, hapokei. Anampokea yule anayeletwa na Dominick kwa mkono, kwa sababu Dominick hajawahi kumpelekea goigoi. Mwaka huu ni Mboni. Maneno yalikuwa yamekwisha. Aende mwanzo wa mwezi ujao. Asipofika siku hiyo nafasi inakwenda kwa mwingine, na yule paka wa suruali ya magotini ameshaanza kujisogeza.

Mwalimu wa kumpeleka amesimamishwa na wewe. Mwanafunzi wa kupelekwa amerudishwa nyumbani na wewe. Kazi moja ya kweli katika fursa zote zile za ndoo, na wewe umeifunga mbele na nyuma kama mtu anayetega panya.

Mboni yuko hapa uani. Ovaroli amelikunja akalisukumia chini ya kitanda. Anapika, anafagia, anateka maji, mtaratibu kama mgeni. Juzi pampu ya Sauda ya kupulizia ilizima katikati ya mikorosho. Zamani angeifikia kabla hatujamaliza kumwita. Alisimama mbali akaitazama, vidole vinacheza vyenyewe. Nikamwambia nenda. Akasema, "Bibi, kaka amesema niache."

"Kaka akisema ujitupe kisimani?"

"Bibi, mama alipofariki ni kaka aliyenisomesha. Akiniona mimi aibu, mimi ni aibu."

Mtoto hakujua kwamba ana kitu cha kuonea haya mpaka ulipomwonyesha. Alitaniwa na kijiji kizima akamwaga ndoo akacheka. Umesema wewe mmoja tu, ameinama. Maneno yangu kwake ni kelele za bibi. Maneno yako ni mlango. Umeufunga mwenyewe, na ufunguo uko mdomoni mwako.

Umemwambia aje kwako umlipie kozi ya mapokezi. Akae mezani, atabasamu, aseme karibu. Nurdin! Mtoto wa pwani afundishwe kusema karibu? Miezi mingapi, mwanangu? Na mtihani wake unakuwaje, wanaingia watu mlangoni unahesabiwa meno? Mimi basi ni profesa. Nimewakaribisha watu maisha yangu yote, wengine siwapendi, na hakuna aliyenipa cheti.

Stefania, mke wa Dominick, alikuja kwangu Ijumaa. Yeye hakuja kutania. Alikaa mkekani akafungua kanga akafunga, akafungua akafunga. "Bibi," akasema, "watoto wananiuliza mbona baba yupo nyumbani asubuhi." Nikamfungia mihogo. Nawe ukila leo, likumbuke hilo swali, likukwame kidogo.

Jumapili akaja Dominick mwenyewe, ametoka kanisani na shati lake jeupe. Amekonda. Lakini alipiga hodi kama kawaida yake. "Hujambo, mtumwa wangu?"

"Sijambo, mwizi wa kuku. Umekuja kuniibia nini?"

"Nimekuja kuchukua changu. Mjukuu wako amenikasirikia, na sheria unaijua. Jogoo wangu yuko wapi?"

Nikamwambia jogoo halipi bibi, analipa aliyekasirika. Akasema basi atateka mtu mpaka jogoo aje, kama baba yake alivyofanya. Akazunguka sebuleni anatafuta wa kumteka. Akaiona picha yako. Ile kubwa ya fremu, umevaa joho na kofia ya pembe nne, umekunja uso kama unayeona kizunguzungu. Akaishusha. Nami nilimshikia kigoda, Nurdin, nakwambia wazi usije ukadhani nilipigana. Akatoka nayo uani akaingia nayo banda la kuku, akaitundika juu ya viota. "Kaa hapo, msomi," akakwambia. "Wafundishe fursa."

Tulicheka, mimi na yeye na Sauda. Mboni alikuwa anachambua mchele. Hakucheka. Lakini nilimwona anatazama chini kwa haraka, bega likatikisika mara moja. Kile kicheko kipo, hakijafa. Kimesukumiwa chini ya kitanda pamoja na ovaroli.

Kwa hiyo umetekwa mara ya pili, mume wangu. Mara ya kwanza babu yako alikukomboa. Sasa hayupo, jikomboe.

Utampigia mkuu wa chuo leo, si kesho, utamwambia yale malalamiko umeyaondoa na kwamba ulikuwa hujui desturi ya kwenu. Utalitamka hivyohivyo, hujui desturi ya kwenu. Li chungu, lakini dawa ya goti langu nayo inanuka. Kisha utampigia Mboni. Usimhutubie. Mwulize pampu ya shangazi yake ina tatizo gani, halafu unyamaze, umwache aseme mpaka amalize, hata ukiwa kikaoni. Hutaelewa kitu, mwitikie tu. Akimaliza mwambie, "Nenda Lindi, na ukirudi uvae ovaroli nikuone." Hapo ndipo atalitoa. Mimi nimejaribu kwa ukali, kwa ubembelezi na kwa pilau.

Na jogoo utamleta mwenyewe. Usinitumie kitu kwenye simu useme bibi ninunulie. Utamnunua wewe, aliye hai, mwenye kilemba chekundu, utapanda naye basi amefungwa miguu na akuwikie njiani watu wakutazame. Utamfikisha kwa Dominick kwa mikono miwili. Atakutukana sana, ana haki. Atakwambia maneno ambayo Sauda amekataa kuyaandika, na hapo tu ndipo aliponishinda. Wewe utacheka. Ukisahau namna ya kucheka mtazame Mboni.

Nimekufungia korosho za kukaanga na ming'oko, ile mizizi ya porini uliyokuwa unaiiba sufuriani kabla haijaiva. Abdulatifu anashuka Dar es Salaam kuchukua bidhaa zake, atakuletea pamoja na barua hii. Nimemwambia akimaliza kukupa asimame akutazame unavyosoma, aje anisimulie. Safari hii asikimbie katikati.

Ming'oko uichemshe na chumvi tu. Zakia asiitie viungo.

Nisalimie huyo Zakia, mwambie namhurumia lakini mume ni wetu wawili, avumilie zamu yake. Mbusu wajina wangu kwenye fizi. Sauda anakusalimu kwa mkono uliochoka. Mjane wa Jafari anakusalimu, siku hizi anakula. Stefania hakukutumia salamu, nami sikumwomba. Mboni anasema "msalimie kaka," amesema kwa sauti ndogo sana, imebidi nimwambie arudie.

Mwenyezi Mungu akupe riziki pana, usingizi mwema, na haya ya kukutosha. Akurudishe kwenu na miguu yako miwili, na ya jogoo miwili, minne jumla. Amin.

Wako akupendaye hata leo, na leo ndiyo kazi,

Bibi yako na mkeo wa kwanza,
Mwanaima binti Abdala.

Sauda alishakunja karatasi, nimemkunjulisha. Ile picha yako nimekwenda kuivisha mfuko wa nailoni, nimeufunga vizuri kwa uzi chini na juu. Tetea mweupe ameamua kutagia hapohapo chini yako, na mavi ya kuku hayatoki kwenye joho.